Sura ya Tano: Shilingi Ngapi, Mara Ngapi

Fedha ya kwanza niliyopewa kwa kuigiza ilikuwa shilingi elfu tano. Nilisaini kwenye karatasi yenye safu nne: jina, kijiji, kiasi, sahihi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa NAULI. Asubuhi ile nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka Tosamaganga hadi Kalenga, na jioni nilirudi kwa miguu vilevile. Hakuna gari lililonibeba. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuwa baba wa nyumba kwa dakika arobaini mbele ya ofisi ya kijiji: nikatoka nje ya ndoa, nikafumaniwa, nikaugua, nikafa, na mke wangu wa kwenye igizo akanililia mpaka kina mama waliokaa chini wakajifuta machozi kwa ncha za kanga. Vyote hivyo, kwenye ile karatasi, vilikuwa nauli.

Naanzia hapo kwa sababu kila ninapowaambia watu kwamba naandika juu ya kipato cha waigizaji, swali ni lilelile. Staa fulani analipwa shilingi ngapi? Wanataka namba. Wameona gari lake kwenye simu, wameona nyumba, wanataka kujua gharama ya sura ile wanayoikuta kwenye runinga kila jioni. Mimi naona swali hilo limekatwa nusu. Mwigizaji mmoja akilipwa milioni mbili na mwingine laki tatu, hujajua bado nani ana maisha. Uliza pia mara ngapi. Analipwa mara moja tu, siku ya kushuti, au analipwa kila kazi yake inapofanya kazi?

Wasiopafahamu Tosamaganga wajue kwamba ni pahala padogo pa misheni, mwendo wa kama kilomita kumi na tano kutoka Iringa mjini, juu ya kilima chenye mikaratusi. Wamisionari wa Consolata walifika mwaka 1919, wakaendeleza misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini kabla yao. Kuna kanisa la matofali, kuna shule ya sekondari ambayo jina lake linajulikana nchi nzima, kuna hospitali inayopokea wagonjwa wa Iringa Vijijini. Bondeni ni Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa. Jumba la sinema halijawahi kuwapo. Tulichokuwa nacho utotoni ni kibanda cha video chenye benchi za mbao na jenereta, na mara moja kwa mwaka, Ijumaa Kuu, igizo la Njia ya Msalaba. Nilicheza askari wa Kirumi miaka mitatu mfululizo. Hakuna aliyewaza malipo, na hakuna aliyepaswa kuwaza: ile ilikuwa sala.

Malipo yalikuja na ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta maambukizi ya virusi vya Ukimwi mkoani Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, ni asilimia 15.7 ya watu wazima, huku taifa zima likiwa asilimia 5.7. Hakuna mkoa uliotuzidi. Tulizika sana. Fedha za wafadhili zikaja, na pamoja nazo likaja hitaji la watu wa kusimama mbele ya kijiji na kuonyesha kile ambacho daktari hawezi kukisema mkwe akiwa anasikia. Kwa miaka kadhaa, mwajiri mkubwa wa waigizaji katika vijiji vyetu alikuwa Ukimwi. Nasema hivyo kwa uchungu, maana ndiyo hesabu yenyewe.

Njia hiyo ilikuwa imeshapimwa kitambo. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliogharamiwa kwa fedha za Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu. Mmoja wa wahusika wake, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na sisi wa kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia tulimjua hata kabla redio haijamtaja. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Ikaonekana kweli kwamba igizo hubadili mienendo ya watu. Kazi ya mwigizaji ilipimwa kisayansi na ikakutwa ina thamani. Ila thamani hiyo ilipoteremka hadi kijijini, kwenye bajeti ya mradi hapakuwa na mstari wa ujira wa mwigizaji. Palikuwa na mstari wa usafiri, wa viburudisho, wa vifaa. Aliyetupanga hakuwa mtu mbaya. Alitafuta mstari ambao tungeweza kutoshea, akapata nauli.

Kikundi chetu kilikuwa na watu kumi na mmoja. Mradi ulipofungwa tulipata habari kwa dereva. Wawili walienda kuchuma chai Mufindi, mmoja akaanza bodaboda, na yule aliyekuwa mke wangu wa igizo, mwanamke mwenye kipaji ambacho sijakiona tena, akarudi kwenye bustani yake ya nyanya. Nilipokutana naye miaka mingi baadaye nilimwamkia kwa Kihehe, kamwene, akaitika, kisha akaniuliza kama bado nakufa vizuri. Tulicheka. Halafu akasema, “Kaka, mimi watu wa Kalenga wananiita mpaka leo jina la yule mama wa igizo. Jina wamenipa bure, ila sijawahi kulila.”

Vijana walioona hayo waliamua kwenda Dar es Salaam, na siwalaumu. Huko kulikuwa na filamu. Runinga binafsi zilikuwa zimefunguka kuanzia mwaka 1994, vikundi kama Kaole vikaingia sebuleni kwa watu, na mwaka 2003 Girlfriend ya marehemu George Tyson ikaonyesha kwamba filamu ya Kiswahili inaweza kujaza ukumbi. Zikafuata filamu za moja kwa moja kwenye kaseti, kisha kwenye diski. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, akafungua njia ya kushirikiana na Wanigeria kwa Dar 2 Lagos, na kwa miaka michache ikawa kila wiki kuna kava mpya zinaning'inia kwenye vibanda kuanzia Kariakoo hadi stendi ya Iringa.

Tazama jinsi biashara hiyo ilivyokwenda. Prodyuza, mara nyingi ndiye mwigizaji mkuu na ndiye dairekta, alishuti filamu kwa siku chache kwa fedha alizokopa. Akaipeleka kwa mmoja wa wasambazaji wachache wenye uwezo wa kurudufu diski na kuzifikisha mikoani. Msambazaji akanunua kwa mkupuo, kazi pamoja na haki zake. Katika fedha hiyo ya mkupuo prodyuza akalipa deni, kamera, chakula, kisha waigizaji: mkuu akapata chake, wa kati akapata kidogo, na wa sini mbili akaambiwa ashukuru kuonekana. Nguo za kwenye filamu zilikuwa za mwigizaji mwenyewe. Akitakiwa kuwa tajiri, aliazima suti.

Watu wa kwetu hawahitaji mwanasheria kuwaeleza mkataba wa namna hiyo. Wanaujua kwa jina la lumbesa. Mnunuzi wa viazi au mahindi anakuja na magunia yake. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu halifungwi. Linaongezwa kichwa juu, linashonewa kwa kamba, linakuwa na tumbo na kilemba kama mtu. Bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupita kukamata, lakini mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu hawezi kumfukuza mnunuzi Jumamosi. Kile kichwa cha juu hakilipiwi.

Mkataba wa mwigizaji wetu ni gunia lenye kichwa. Siku za kushuti ndizo gunia. Kichwa ni kila kinachofuata: diski, runinga, YouTube, kipande kilichokatwa na kutumika kwenye tangazo, na filamu ileile kuonyeshwa ndani ya basi la Dar kwenda Mbeya. Ninamfahamu mwigizaji mmoja aliyepanda basi Iringa, akalipa nauli kamili, na walipofika Mikumi kondakta akaweka filamu aliyocheza yeye. Abiria walimtambua, wakampongeza, wakapiga naye picha waliposhuka kuchimba dawa. Aliniambia kwamba alikuwa amebakiwa na fedha ya chakula cha mchana tu, na akaogopa kununua chipsi kavu mbele ya watu waliomwona ana jumba la ghorofa.

Tupige hesabu ya mfano, kwa namba nilizochagua ili zihesabike kwa urahisi. Tuseme mwigizaji wa kati, anayejulikana sura lakini si jina, anapata laki tatu kwa filamu, na mwaka ukiwa mzuri anapata filamu tano. Hiyo ni milioni moja na nusu. Gawa kwa miezi kumi na miwili: laki moja na elfu ishirini na tano. Toa kodi ya chumba Dar es Salaam. Toa nguo, nywele, vocha, nauli za kwenda kwenye usaili usiolipa. Kinachobaki hakimlishi mtu mmoja, seuze mwenye wazazi kijijini wanaoambiwa na majirani kwamba mtoto wenu ni tajiri, tumemwona. Gharama hii ya mwisho haimo katika daftari lolote na ndiyo inayowaumiza wengi. Mwigizaji maskini anaombwa kama tajiri. Msiba ukitokea, mchango wake unatangazwa kwa sauti.

Pato la mkupuo lina ubaya mwingine: haliwezi kuugua pamoja nawe. Mkulima akiugua, shamba linaota lenyewe kwa wiki mbili tatu. Mwigizaji akiugua, kila kitu kinalala. Ndiyo maana habari za wasanii wetu zimejaa michango. Sadick Juma Kilowoko, aliyejulikana kwa jina la Sajuki, alipelekwa India mwaka 2012 kwa fedha zilizochangwa na wasanii wenzake na wananchi, akafariki Muhimbili tarehe 2 Januari 2013. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alichekesha nchi hii kwa miongo, sura yake ikauza bidhaa kwenye matangazo, na alipougua mwaka 2018 gharama za matibabu zikawa jambo la taifa. Waziri wa sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akataka mikataba ya wasanii ipitiwe upya. Majuto alifariki Agosti mwaka huohuo. Sitaki kusema mchango ni aibu; kuchangiana ni utu wetu. Lakini watu walichanga kwa upendo fedha ambayo kazi za mgonjwa mwenyewe, zikiendelea kuonyeshwa hata siku alipokuwa wodini, zingeweza kumletea.

Mtu atasema, hayo ni ya nchi maskini. Marekani si maskini, na huko chama cha waigizaji SAG-AFTRA kiligoma kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, 2023, siku 118. Katika mgomo ule ulimwengu ulishangaa kusikia kwamba mwanachama alihitaji kupata dola 26,470 kwa mwaka kutokana na kazi za chama ili apate bima ya afya, na kwamba wengi kabisa hawafiki hapo. Waigizaji wa Hollywood wanahudumia mezani, wanaendesha teksi. Umaskini wa kazi hii hauna pasipoti.

Kilicho tofauti ni kwamba wao walishapigania ile mara ngapi. Mwaka 1960 chama chao, kikiongozwa na Ronald Reagan ambaye baadaye angekuwa rais, kiligoma na kushinda kwamba filamu ya sinema ikiuzwa kwenye televisheni, mwigizaji alipwe tena. Mwigizaji wa sini mbili akaanza kupata hundi kwa posta miaka kumi baadaye, nyingine ndogo ya kuchekesha, nyingine ya kulipa kodi ya mwezi. Mgomo wa 2023 ulitokana kwa sehemu na hundi hizo kunyauka filamu zilipohamia kwenye mtandao, na hofu kwamba kompyuta itachukua sura ya mtu mara moja na kuitumia milele. Lumbesa mpya, gunia la zamani.

Na dunia yenyewe ilimbagua mwigizaji wa filamu kwa maandishi. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, uliolinda wanamuziki na waigizaji, una kifungu cha 19 kinachosema kwamba msanii akisharidhia kurekodiwa kwenye picha, ulinzi wa mkataba ule unakoma kwake. Mwimbaji alibaki na haki; aliyeigiza mbele ya kamera aliachwa. Pengo hilo lilizibwa na Mkataba wa Beijing uliopitishwa tarehe 24 Juni 2012, miezi miwili na nusu baada ya Kanumba kufariki akiwa na miaka 28, na ulianza kufanya kazi Aprili 2020. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki katika uigizaji wake. Mwaka 2013 zikaja stika za kodi kwenye diski za muziki na filamu ili halali ijulikane na bandia. Januari 2022 COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, iligawa mirabaha ya kazi za muziki zilizopigwa redioni na kwenye runinga, zaidi ya shilingi milioni 300. Nilifurahi kwa ajili ya wanamuziki. Niliwaza pia juu ya mwanamke wa nyanya wa Kalenga.

Umiliki una sura nyingi, na wakati mwingine hata jina si lako. Vijana waliotuchekesha kwenye EATV kwa jina la Ze Comedy walipohamia TBC ulizuka mgogoro juu ya nani mwenye jina hilo, nao wakaendelea kama Orijino Komedi. Mmoja wao, Emmanuel Mgaya, tunayemwita Masanja Mkandamizaji, ameeleza mara nyingi hadharani juu ya kilimo chake cha mpunga Mbarali, mkoani Mbeya. Wapo wanaosikia hilo kama hadithi ya mtu aliyeishiwa sanaa. Mimi naliona kama akili ya Nyanda za Juu Kusini. Watu wa huku hawaweki mbegu zote kwenye jaruba moja. Aliye na gunia la mpunga ghalani anaweza kumwambia prodyuza, mkataba huu sisaini leo, niachie nausoma. Asiye nalo anasaini akiwa amesimama.

Tamthilia za runinga zimeleta jambo jipya. Huba na Juakali kwenye Maisha Magic Bongo zimewapa baadhi ya waigizaji kitu ambacho filamu za diski hazikuwapa, kazi inayorudi mwezi baada ya mwezi. Waliozungumza nami hawasifu kwanza ukubwa wa malipo. Wanasifu kwamba wanaweza kusema tarehe. Kodi ya nyumba italipwa tarehe fulani. Mtoto atapelekwa shule tarehe fulani. Familia yenye tarehe hizo inaweza kukata bima kabla ya ugonjwa. Ile ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, kwa kaya ya watu sita, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na nimewaona kwenye foleni ya hospitali yetu ya Tosamaganga watu maarufu kijijini wasio nayo, kwa sababu tu fedha huwa haiji kwa mwezi inaotakiwa.

Mwaka jana kijana mmoja wa hapa, jirani yetu, alinijia na bahasha. Alikuwa ameitwa kucheza sehemu ya kati katika filamu itakayoshutiwa Iringa na Mbeya. Malipo, laki nne. Aliniamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasema, “Mwalimu, nimeambiwa nirudishe kesho. Naomba unisomee.” Mkataba ulikuwa na kurasa mbili. Aya ya sita ilisema anakabidhi haki zake zote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, duniani kote, bila ukomo.

Baba yake alikuja nyuma yake, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nilisoma aya ile kwa sauti mara mbili. Mzee akauliza, “Bila ukomo maana yake hata akifa?” Nikasema ndiyo, baba. Akanyamaza kidogo. “Basi hayo ni mahindi mabichi,” akasema. “Tuliuza hivyo mwaka ule mama yake alipolazwa. Tulipita kando ya shamba letu wenyewe tukiwaangalia wengine wakivuna.”

Tuliandika pembeni, kwa kalamu: miaka mitano, na kila ikiuzwa kwa runinga nyingine, alipwe tena kiasi kitakachokubaliwa. Kijana alitetemeka alipopiga simu. Prodyuza hakukasirika kama tulivyohofia. Alisema la kulipa tena hawezi, fedha si yake, naye ana mkopo. Miaka mitano anakubali, lakini basi itakuwa laki tatu.

Tulikaa na laki moja ile iliyopungua kama vile imewekwa mezani. Kijana alimtazama baba yake, baba akatazama nje, kwenye mikaratusi. Kwa familia ile laki moja ni mifuko ya mbolea. Sikusema neno, si mimi niliyekuwa na shamba.

Alisaini laki tatu. Alipomaliza aliniuliza, “Sasa miaka mitano ikiisha, nani atanikumbusha?” Nikatoa shajara yangu, nikageuza hadi jalada la nyuma, nikaandika jina lake, jina la filamu na tarehe. Baba yake akaomba aione. Hakuwa na miwani, akaishika mbali na uso, akaisoma tarehe polepole kwa sauti, kisha akaniomba nimwandikie nyingine kwenye kipande cha karatasi. Alikikunja mara nne akakitia kwenye mfuko wa shati, ule wenye kifungo.